Kusalia

Jua huondoka mapema Chita. Saa kumi na moja jioni, wakati watu wa Ifakara bado wanajikinga macho kwa viganja, huku kwetu limekwisha kujificha nyuma ya safu ya Udzungwa. Kivuli cha mlima hushuka taratibu, huvuka barabara, huvuka reli, hutambaa juu ya mashamba ya mpunga mpaka kikapotelea bondeni, upande wa mto Kilombero. Lakini anga halizimiki papo hapo. Hubaki na mwanga wake kwa muda mrefu, ilhali chini tayari mtu anapapasa akitafuta viatu.

"Huu mwanga ni masazo," Mjomba hupenda kusema. "Mchana umeshakula, umeacha sahani."

Ndiyo saa anayofungulia redio kaseti yake. Mjomba ni fundi redio, ingawa siku hizi mikono yake inashika zaidi simu na taa za sola kuliko redio. Chini ya meza yake ya kazi kuna katoni ya kaseti ambazo wino wa majina umefutika kwa jasho na vumbi. Nyingi alizirekodi mwenyewe katika miaka ya 1980, kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Wa rika lake wanaujua utaratibu: unaweka kaseti tupu, unakaa na vidole viwili juu ya vitufe viwili, na mtangazaji akimaliza tu kutaja jina la bendi unabonyeza vyote kwa pamoja. Mjomba hakuwa mwepesi wa kubonyeza wala wa kuachia. Ndiyo maana nyimbo zake nyingi hazina vichwa, na nyingine zina mikia mirefu: kipande cha taarifa ya habari, salamu kwa mgonjwa aliyelazwa, kikohozi cha mtu ambaye hakujua kwamba bado yuko hewani.

Kaseti moja ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ina wimbo wa dansi unaoisha vizuri kabisa, gitaa la solo likiteremka kama mtu anayeshuka mlima bila haraka. Kisha Mjomba wa wakati ule, kijana wa miaka ishirini na kitu, akachelewa kuzima. Inaingia sauti nyingine, nzito, ya matangazo ya vifo. Mtu wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake. Jina la marehemu linaanza kutajwa, linafika nusu, linakatika. Unaanza wimbo mwingine.

Kila mara kaseti hiyo inapofika pale, Mjomba hupunguza sauti, hufanya ishara ya msalaba, midomo ikacheza kwa muda wa pumzi tatu nne, kisha huipandisha sauti tena. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni sehemu ya wimbo. Juni iliyopita, nilipokwenda kusaidia mavuno, nilimuuliza.

"Mjomba, unamjua huyu?"

"Simjui."

"Sasa?"

"Sasa nini? Amebaki humu. Humu ndani hana mtu mwingine ila mimi. Lazima nimsalie."

Neno hilo sikuliacha lipite. Kiswahili kina kusalia mbili. Ya kwanza ni kubaki: wageni wameondoka, wamesalia wenyeji. Ndugu zake ni saa, saza na masazo, ukoo mzima wa vitu vinavyobaki nyuma wengine wakishakwenda. Ya pili ni kumwombea mtu: Waislamu humsalia Mtume, humsalia maiti kabla hajapelekwa kaburini. Mjomba ni Mkatoliki, lakini ameishi na majirani Waislamu maisha yake yote, na maneno hayajengewi uzio. Wataalamu wa lugha watatuambia kwamba hizo ni asili mbili, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiarabu, zilizokutana njiani zikavaa sare moja. Sina ubishi nao. Ila watu wakikaa nyumba moja karne kadhaa, huanza kufanana tabia, na maneno nayo ni hivyo. Tangu jioni ile nikilisikia neno hilo nasikia yote mawili kwa pamoja: kilichosalia ni kile kinachongoja mtu wa kukisalia.

Mimi nami nilikuwa na muziki wangu, ndani ya simu. Nilikuwa nawasikiliza Sunburst. Kundi hilo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, likiwa na vijana kutoka Tanzania na nchi jirani. Bendi nyingi za mji zilikuwa zikipiga rumba. Wao walichukua gitaa la umeme lenye mkwaruzo na kinanda, wakavichanganya na midundo ya huku kwetu, mtindo wao wakauita Kitoto. Anayependa kupanga vitu kwenye makabati ataiita roki ya Kiafrika. Mwaka 1973 walirekodi katika studio za Redio Tanzania. Mwaka 1976, wakiwa Zambia, walitoa albamu moja, Ave Africa, na haukupita muda kundi likasambaratika. Miaka arobaini baadaye, 2016, kampuni ya Strut ya London ikaitoa tena albamu hiyo pamoja na santuri zao ndogo na nyimbo zile za redio za 1973, nyimbo ambazo hazikuwahi kuuzwa dukani. Zilikuwa zimelala kwenye kanda, kama mtu aliyesahauliwa kuamshwa.

Tarehe hizo zilinigusa, kwa sababu Chita ina kalenda hiyohiyo. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970, mwaka ambao Sunburst ilizaliwa. Reli ikakabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1976, mwaka wa albamu. Inatoka Dar es Salaam, inapita Ifakara, inapita hapa Chita, inafika Mlimba, kisha inapanda Makambako kwa mahandaki na madaraja, hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia: kilomita 1,860. Sidai kwamba treni ndiyo iliyowabeba vijana wale. Nasema tu kwamba muziki wao ulirekodiwa kwenye ncha moja ya reli na ukaishia nchi ya ncha ya pili, na kwamba mimi nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka mahali fulani katikati.

Santuri ina pande mbili, na kati ya pande hizo kuna kitendo ambacho hakirekodiwi kamwe. Mtu anainuka, anaishika kwa ncha za vidole, anaigeuza, anarudisha sindano. Upande wa kwanza ni Dar es Salaam, wa pili ni Zambia. Sisi wa Chita tunaishi ndani ya kule kugeuza.

Usiku ule treni ya mizigo ilipita. Kwanza ardhi ilijua, kisha vikombe mezani, mwisho masikio. Ilipokwisha kwenda, na vyura wa majarubani wakarudia kelele zao, nikaanza kuiwaza albamu nyingine. Siyo ile waliyoitoa, wala ule mkusanyiko wa London. Niliwaza ile inayoweza kutengenezwa kwa vile ambavyo kila kikao cha kurekodi huacha sakafuni. Maana bendi ya zama zile ilipoingia studio, wapigaji walipiga wote kwa pamoja kama jukwaani. Fundi mitambo alipanga vipaza sauti vyake, akaanza kuizungusha kanda, na mmoja akikosea wote walirudi mwanzo. Wimbo mmoja tuujuao una kaka na dada zake wengi ambao hawakupewa jina.

Nikaipanga kichwani. Wa kwanza: gitaa likitafutiwa sauti, uzi mmoja baada ya mwingine, nyuzi sita. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, lakini lele hiyo huisikii kwenye santuri, huondolewa kama pumba. Wa pili: wimbo uliokwama. Mtu anahesabu hadi nne, wanaingia, besi inateleza, kicheko. Sekunde kumi na mbili tu. Wa tatu: wimbo ambao watu wanaujua, umepigwa polepole zaidi, siku ambayo mwimbaji ana mafua, na maneno ya furaha yanatoka na huzuni ambayo hayakuandikiwa. Wa nne: gitaa peke yake, wakati fundi ameshatoka kwenda kunywa chai na kanda imesahauliwa ikizunguka. Halafu kugeuza. Upande wa pili una ubeti mmoja usio na ndugu, kisha kiitikio kisicho na wimbo, kisha wapigaji wakiagana, viti vikisogezwa, mlango. Wa mwisho ni kimya cha studio yenyewe, ambacho ndani yake kuna mvumo wa mashine na, ukitega sikio, mvua juu ya bati.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichowahi kukisikia. Ni njozi ya mtu aliyekula ubwabwa mwingi na kambale. Lakini nililala nikiwa nimetulia kuliko nilivyotulia kwa miezi mingi, kama mtu aliyetoka kusali.

Asubuhi, kwenye chai, nikamsimulia Mjomba. Aliweka kikombe chini.

"Hivyo walivitupa wenyewe," alisema. "Wewe ukipika, ukamtengea mgeni kipande kizuri cha nyama, halafu mgeni akainuka akaenda kufukua jalala lako, utafurahi?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua ungo nikamfuata Bibi shambani.

Mpunga wa jirani ulikuwa umeshavunwa. Kazi ya mundu ilikwisha juzi yake. Mashuke yalipigwa juu ya turubai, ukapepetwa, ukajazwa viroba, ukaondoka. Kwa macho yangu lile lilikuwa shamba tupu lenye mabua yaliyosimama kama ndevu za siku mbili. Bibi aliinama, akaingiza mkono kati ya mabua, akautoa na shuke. Hatua mbili, akatoa jingine. Amepita miaka themanini na mgongo wake una umbo la kazi hii. Haumtaki asimame wima. Nyumbani ana mpunga wake mwenyewe, na mwingi. Lakini kila mwaka wakishavuna yeye hupita kuokota.

"Kwa nini, Bibi?"

"Chakula kilale chini na mimi nina mikono?"

Jua lilipopanda alinifundisha masharti ya kazi hiyo. Yapo matatu. Usiingie kabla mwenye shamba hajamaliza na kuondoka. Usikate kilichosimama, hata kama kimesimama peke yake pembeni na kinakutazama. Chako ni kile kilicholala. Na ukikutana na mwenye shamba njiani, msalimie kwanza, umwambie umeokota kwake, hata kama anajua.

Bibi hajui kusoma, ila habari za Ruthu anazo zote, kwa kuwa amezisikia kanisani tangu ubinti wake. Mjane, mgeni, mwanamke wa Moabu, akiokota nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Nami njiani nikaikumbuka sheria iliyo nyuma ya kisa hicho, ile ya Musa inayomkataza mkulima kuvuna hadi pembe za shamba, na inayomkataza kurudia mganda aliousahau, ili apate maskini, mgeni, yatima na mjane. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi na nikaichukulia kuwa sheria ya huruma. Siku ile, kucha zangu zikiwa na matope, niliiona kwa upande mwingine. Sheria ile haiyaoni masazo kuwa ni uzembe wa mvunaji. Inayadai. Shamba lililovunwa likabaki safi kabisa ni shamba la mchoyo. Masazo ni fungu la yule ambaye bado hajafika.

Na ile habari ya mikate mitano na samaki wawili? Watu walikula wakashiba, kisha wanafunzi wakaambiwa wakusanye vipande ili kisipotee chochote, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuzidisha mikate namna ile hakushindwa kukadiria. Angetaka, angezidisha kwa kipimo, kila tumbo na tonge lake, nyasi zikabaki safi. Vikapu vile havikuwa hesabu iliyokosewa. Majirani zetu Waislamu nao huwafundisha watoto wao wasiache punje sahanini, kwa sababu mtu hajui baraka ya chakula imekaa katika punje ipi. Inawezekana kabisa imekaa katika ile ya mwisho, iliyonata ukingoni. Mtoto yeyote wa Kilombero anajua habari hiyo bila kufundishwa na shehe wala padri: wakubwa wakipakuliwa wali, yeye macho yake yako kwenye sufuria, anangoja ukoko.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu la nusu la kumpa Mjomba. Jalala ni jambo moja na pembe ya shamba ni jambo jingine. Msanii anayechagua nyimbo kumi za albamu yake hajazitukana zile tatu alizoziacha. Amevuna alivyoweza kubeba.

Jibu la nusu, nasema, kwa sababu bado kulikuwa na sharti la pili la Bibi, la kutokata kilichosimama. Wapenzi wa muziki tuna tamaa hiyo. Ulaya na Marekani umekuwa mchezo mkubwa: watu wanachukua vipande vilivyobaki vya bendi za roki, wanavipanga upya, na baada ya muda wanaanza kuidharau albamu halisi, kana kwamba wao ndio walioisikia sauti ya kweli na wenyewe walikosea. Kisa maarufu ni cha Beach Boys wa Kalifonia. Mwaka 1966 kijana wao Brian Wilson alianza albamu aliyoiita Smile. Mwaka uliofuata aliiacha, ikiwa imezagaa vipande vipande kwenye kanda. Kwa zaidi ya miaka thelathini wapenzi walikusanya vipande hivyo na kila mmoja akajenga Smile yake. Halafu mwaka 2004, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee, Wilson mwenyewe akarudi akaimalizia kwa sauti yake ya uzeeni. Na mwaka 2011 kanda zile za ujanani nazo zikatolewa. Mwenye shamba alirudi. Waokotaji wote walilazimika kusimama kando, vikapu mikononi, na kusalimia.

Lakini wenye mashamba wengi hawarudi. Mkoa huu wetu wa Morogoro unawajua wawili. Salum Abdallah, wa Cuban Marimba, aliondoka kwa ajali mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeanzia Morogoro Jazz kisha akaanzisha Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka thelathini na minne. Hao hawakupata 2004 yao. Nyimbo zao tulizo nazo ni nyingi na tunamshukuru Mungu, ila kila nikisikia gitaa la Mbaraka likikaribia mwisho wa wimbo, likizungukazunguka kama halitaki kuondoka, huwaza juu ya wimbo uliokuwa unafuata asubuhi ya keshoye. Hakuna kanda ya wimbo huo. Hayo ni masazo ya namna nyingine, ambayo hata Bibi hawezi kuyaokota. Yamebaki kwa Mungu peke yake, na sidhani kwamba Mungu ana jalala.

Mchana tulipumzika chini ya mwembe. Kutoka pale unaona jinsi milima ilivyopasuliwa na mito inayoteremka. Upande wa Mlimba, ndani ya mikunjo hiyo, kuna korongo la Kihansi, na habari zake kila mtu wa huku anazijua kwa sababu ya umeme. Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yakitupa ukungu wa maji mchana na usiku, na ndani ya ukungu huo aliishi chura mdogo wa manjano, anayetosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, ambaye hakuwahi kuonekana popote pengine duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, mradi wa bwawa ukiwa tayari njiani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, ukungu ukapungua, na vyura nao. Mia kadhaa walikuwa wamechukuliwa mapema na kupelekwa kufugwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena hata mmoja. Waliosalia ni wale wa kwenye visanduku vya kioo, ng'ambo, wakizaliana chini ya taa. Mwaka 2010 wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakarudishwa korongoni, ambako mabomba maalumu hunyunyiza maji kuigiza ukungu wa zamani.

Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba huo si ukungu wa kweli. Ni kweli, si wenyewe. Ukungu ule wa kwanza ulitupwa na mto ukiwa hauna habari na mtu. Huu unatupwa na bomba kwa sababu kuna mtu aliyejali. Hata albamu yangu ya kwenye mkeka ingekuwa hivyo. Isingekuwa Sunburst ya 1973. Ingekuwa unyevu uliorudishwa kwa mikono, kwa kusudi kwamba kitu kidogo cha manjano kisife kiu. Anayedai kwamba ni maporomoko yaleyale anadanganya. Na anayesema basi tuyafunge mabomba, huyo naye aende akamtazame chura.

Jioni kivuli kikashuka tena, anga likabaki na sahani yake. Nilimwekea Mjomba nyimbo za redio za 1973 kwenye simu, nikaitumbukiza simu ndani ya bakuli ili sauti ikue. Alisikiliza kwa namna ya mafundi, kichwa kimeinama upande, kama anatafuta waya uliolegea. Kisha nikaona kitu nilichokuwa nimekisahau. Vidole vinne vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikitembea juu ya paja lake, vinabana, vinaachia, vinahama. Ujanani Mjomba alipiga besi kwenye kikundi kidogo cha harusi cha huku bondeni. Hakuna aliyewarekodi. Bendi nzima ile, nyimbo zote zile, usiku wote ule, imesalia kwenye vidole vinne na paja moja.

Wimbo ulipoisha hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Hapa mpiga besi alikosea kidogo, halafu akafurahi."

"Umejuaje?"

"Amerudia kosa lenyewe mara ya pili. Kosa likirudiwa kwa makusudi si kosa tena."

Nikamrudishia habari ya albamu yangu. Safari hii nilimweleza kwa masharti ya Bibi: kwamba wanaokuja kuokota waje baada ya wenyewe kuondoka, kwamba albamu iliyosimama iachwe isimame, iheshimiwe kama ilivyotolewa. Bibi, ambaye tulidhani amesinzia kwenye kiti chake, akauliza, "Na umesalimia?"

Sikuelewa. Akarudia taratibu, kama anavyosema na watoto. "Mwenye shamba. Umemsalimia?"

Ndipo nikafungua simu, nikasoma majina kwa sauti, pale uani, mbele ya mkaa na kuku wanaopanda kulala: Hembi Flory Kongo. James Mpungo. Johnny Rocks. Kassim Magati. Bashir Idi Farhan. Bibi aliitikia kila jina kwa mlio wa kooni, kama anavyoitikia litania. Sidhani kama alijua ni wanamuziki. Kwake yalikuwa majina ya watu waliolima mahali fulani, nasi tumepita nyuma yao.

"Sasa sawa," Mjomba alisema. "Itengeneze hiyo albamu yako kichwani, hakuna anayekukataza. Ila usiseme ni yao. Sema umeokota."

Nimeishika hukumu hiyo, na nadhani inatosha kwa mambo makubwa kuliko muziki. Kila mmoja wetu ana albamu moja aliyoitoa, yaani maisha haya yanayoonekana, kazi hii, ndoa hii, mji huu. Na ana rafu ya kanda ambazo hazikuingia: mwaka uliokwama mwanzoni, ubeti usio na ndugu, njia aliyoianza polepole zaidi siku aliyokuwa na mafua. Usiku usio na usingizi huwa tunazitoa kanda hizo kwa majuto na kuzipanga dhidi ya maisha tuliyo nayo. Mimi nimeacha. Siku hizi nikizikuta nazipunguzia sauti, nasema maneno machache, naendelea. Zilikuwa pembe za shamba langu, na pengine kuna mtu, mtoto au mgeni, aliyekwisha kupita huko na kapu lake bila mimi kumwona.

Kabla sijaondoka Chita tulipima mpunga tuliookota kwa siku nne. Ulijaa debe moja na ukabaki kidogo. Bibi alichambua mashuke mazuri akayafunga kwenye kitambaa kwa ajili ya mbegu. Uliobaki ukakobolewa, na chenga zake zikawa vitumbua vya kunisindikiza safarini.

Ndugu msomaji, kama nawe una katoni ya kaseti chini ya kitanda, usiipeleke jalalani kabla hujaisikiliza hadi mwisho, pamoja na mikia yake. Andika juu ya kila moja majina unayoyakumbuka, wapigaji kwanza. Na ukifika mahali ambapo jina la mtu limekatika nusu, punguza sauti kidogo, umsalie mwenye nalo.